Rehani Ghorofani: Kuchagua Mimea Inayoafikiana na Nyumba



Katika fleti yetu iliyo ghorofa ya tatu hapa Mombasa, mimea sita ilikufa katika muda wa miezi mitatu. Tunaanza na habari hii ya aibu kwa sababu tunajua kuwa si sisi pekee. Nyumba nyingi tunazozizuru, ukitupa jicho pembeni ya sebule utakiona chungu kizuri chenye kijiti kikavu ndani yake, na mwenye nyumba hukipisha macho kana kwamba hakioni.

Mimea yetu tuliinunua kwa ajili ya Mama. Alikuwa ametoka eda, miezi minne na siku kumi, katika nyumba ya Lamu aliyoishi na marehemu baba yetu kwa zaidi ya miaka arobaini. Eda ilipokwisha, sisi wanawe, dada wawili, tulikubaliana aje akae nasi. Akaja na sanduku moja, mswala wake na msahafu wake. Hakulalamikia kitu. Chakula alikula, sala alisali, wageni aliwapokea. Lakini alinyamaza, yeye ambaye kule Lamu sauti yake ilikuwa ikisikika kutoka kiwandani hadi darini. Tukasema labda anakosa kijani.

Basi tukafungua simu na kutazama picha. Tuliona sebule nyeupe, kochi la kijivu, meza ya kioo, na pembeni mti wa majani mapana kama ungo. Nasi tuna kochi la kijivu na meza ya kioo. Tukaenda kwenye vitalu vya kando ya barabara, tukanunua mti ule ule, na mangaga mawili ya kuning'iniza, na waridi dogo la chungu, na vingine viwili vilivyotupendeza kwa rangi. Mti wa majani mapana tuliuweka pembeni kama ulivyokaa pichani, mbali na dirisha. Ukapukutisha jani moja moja hadi ukabaki shina. Mangaga yalikauka chini ya kiyoyozi. Waridi lilioza kwa maji mengi. Siku tulipokitoa chungu cha sita, Mama alikuwa ameketi na tasbihi yake. Akakitazama kikipita mlangoni, akasema, "Nayo imehamishwa, maskini."

Hatukujibu. Usiku ule hatukulala mapema.

Tulikuwa na safari ya Lamu iliyokuwa ikitungoja, kwenda kuifungua nyumba ipate hewa na kumchukulia Mama baadhi ya vitu vyake. Tukaazimia kumwuliza mamkubwa, dada yake Mama, ambaye hatujapata kuona mti ukifa mkononi mwake. Tuliondoka na basi la alfajiri, tukapita Malindi, tukavuka Mto Tana hapo Garsen, tukapita Witu, hata tukafika Mokowe jua likiwa limekwisha kupinda. Kutoka hapo ni boti hadi gati ya Lamu, na upepo wa bahari ukitupuliza buibui. Mji ule ulipotokeza mbele yetu, mweupe na wa kahawia, tulikumbuka kuwa tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na kwamba kwetu sisi ni mahali tulipofunzwa kutembea.

Nyumba iko Mkomani. Anayepita njiani haoni kitu cha ndani. Kuta za nje hazina madirisha ya kuchungulia, na punda hupita zikizisugua kwa mizigo yao. Unaingia kwa daka lenye mabaraza ya mawe, kisha tekani, ambayo imepindishwa makusudi ili mlango ukiwa wazi jicho la mpita njia lisifike kwa watu wa ndani. Stara hiyo ilijengwa kwa mawe kabla ya mapazia. Ukishapinda hapo, ghafla unasimama kiwandani, na mwanga wote wa nyumba uko pale.

Na mimea yote ilikuwa pale, hai. Mkomamanga katika pembe yake. Asumini imepanda ukutani hadi karibu na dari. Chini yake safu ya makopo ya samli yaliyotobolewa chini, kila kopo na rehani yake. Tulikuwa tumetarajia kukuta vijiti vikavu. Mamkubwa alikuwa akija kila siku ya pili kuimwagilia tangu Mama aondoke, wala hakuwa amemwambia mtu.

"Ndooni, wanangu, muketi," akatuita. Tukambusu mkono, tukamweleza habari ya mimea sita, na neno alilolisema Mama. Hakucheka. Alituuliza, "Mti ule mliuchagulia nyumba, au mliuchagulia picha?"

Kisha akainuka, akatuzungusha katika nyumba tuliyozaliwa ndani yake, kana kwamba sisi ni wageni.

Alituanzisha kiwandani, palipo na jua, mvua na umande. Hapo ndipo penye mti. Akatupandisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, kumbi mbili ndefu zinazofuatana, kila moja ikiinuka kidogo kuliko iliyotangulia, na mwanga ukipungua kila hatua. Nyuma yake ndani, chumba cha faragha cha wenye nyumba. Vyumba hivi ni virefu lakini vyembamba, havizidi sana mita 2.5 kwa upana, kwa sababu dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu zaidi ya hapo wa kubebea uzito wa mawe na chokaa. Alipofika ndani akasimama, akauliza, "Hapa mmepata kuona chungu cha mti, tangu mko wadogo?"

Hatukupata kuona hata siku moja. Ukuta wa ndani umejaa zidaka, safu juu ya safu, zilizochongwa kwa chokaa kwa mkono wa fundi, ambamo ziliwekwa sahani za kauri na vyombo vya thamani. Chokaa ile nyeupe hukichukua kile kimwanga kidogo kinachofika na kukitawanya. Wazee walijua kwamba mti hauwezi kuishi pale, basi wakapaacha mahali pale kwa fundi wa chokaa, nao hawakuona kuwa nyumba yao imepungukiwa.

Lakini haikuwa kwamba mimea haikuingia ndani. Iliingia jioni. Baada ya Alasiri Mama na mamkubwa walikuwa wakichuma asumini ingali vikonyo, wakakata rehani, na zikipatikana, kadi na langilangi. Wakati mwingine waliletewa kilua kutoka bara, ua la harufu kali la msitu wa pwani yetu, ambalo wataalamu wa mimea waliupa mti wake jina rasmi kwa kulichukua jina letu wenyewe: Mkilua fragrans. Yote yalitandazwa katika sinia. Mengine yalifungwa vikuba vya kuvaa, mengine yakawekwa juu ya mito. Mti ulibaki kwenye mwanga wake, na harufu yake ikalala ndani pamoja na watu.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) amewausia wanaopewa rehani wasiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kuibeba na ina harufu njema. Mamkubwa alitukumbusha hayo huku akivunja kijitawi na kukitia mkononi mwetu. Tulikipokea, na hapo ndipo tulipotambua kwamba katika mimea yote sita tuliyomnunulia Mama, hapakuwa na hata mmoja anaoujua.

Tulikaa siku nne. Katika siku hizo alitufundisha maswali matatu ya kuulizwa kabla ya kununua mti, nasi tunayaandika hapa kama alivyoyapanga.

La kwanza ni mwanga uko wapi. Simama pale unapotaka kuuweka mti, wakati wa mchana, taa zikiwa zimezimwa, ukamate msahafu. Ukisoma bila taabu, upo mti utakaoishi hapo. Ukilazimika kusogea dirishani, basi weka hapo taa, au birauri la shaba, au pambo lingine.

La pili ni hewa ya nyumba. Nyumba ya pwani ina upepo wa chumvi. Majira ya kusi na ya kaskazi hayaingii kwa dirisha moja, na roshani iliyo salama miezi hii huenda ikapigwa vibaya miezi ile. Chumba chenye kiyoyozi nacho ni kikavu kama bara. Mmea wa majani laini hauwezi hapo.

La tatu ni nani anaishi humo. Mtoto anayetambaa hutia kila kitu kinywani. Mama mwenye mimba nzito hawezi kubeba ndoo ya maji. Na yuko mtu ambaye mti ukimhitaji kila siku utamchosha, na yuko ambaye asipohitajiwa na kitu ndipo anapochoka.

Baada ya hayo matatu ndipo unapouliza habari ya uzuri na mtindo. Hapo mamkubwa alikuwa na kanuni moja tu: ukuta ukisema, mti unyamaze, ukuta ukinyamaza, mti na useme.

Tuliporudi Mombasa tulizipima kanuni hizo katika nyumba za jamaa kabla ya kuthubutu kununua tena. Katika Mji wa Kale tulimzuru binamu yetu anayeishi katika nyumba ya zamani yenye roshani ya mbao iliyochongwa, milango mizito na masanduku ya njumu. Nyumba hiyo inasema kwa kila pembe. Mti wa maua mengi ya rangi ungegombana na nakshi. Yeye ameweka mmea mmoja tu wa kutambaa, ule ambao wengi tunauita mmea wa pesa, juu ya rafu karibu na roshani, nao umeshuka taratibu kwenye mbao. Kijani kitupu juu ya kahawia. Hakuongeza kitu.

Kwa wifi yetu tulikuta majlisi ya kisasa: mazulia mekundu, mito ya nyuzi za dhahabu, pazia zenye marinda mazito. Hapo napo ukuta na sakafu vinasema kwa pamoja. Alikuwa na vyungu vinane vidogo vidogo, na majlisi yake ilikuwa kama duka. Tulimsaidia kuvipunguza. Kikabaki kimoja kikubwa, cha mti wa jamii ya mnazi wenye makuti membamba, ambao asili yake ni Bukini, na tukausogeza karibu na dirisha lenye pazia jepesi. Vile saba alivigawa kwa majirani, na siku ile ile majirani wawili walikuja kumshukuru.

Kisha ikaja zamu ya fleti yetu. Kuta zake ni nyeupe tupu, vigae vyeupe, kochi la kijivu. Huo ndio ukuta ulionyamaza, kwa hiyo mti ulikuwa na ruhusa ya kusema. Kosa letu la kwanza halikuwa kutaka kijani. Tulikosa kuuliza mwanga. Tulifanya jaribio la msahafu, na pembe ile ya pichani, pembe tuliyoulia mti wa majani mapana, haisomeki hata saa sita mchana.

Kwa sehemu za mwanga hafifu, ambako hata hivyo herufi zinaonekana, tulichagua mimea miwili inayostahimili. Mmoja ni ule wa majani yaliyosimama kama panga, jamaa wa mkonge wa porini. Umbo lake lililonyooka linakubaliana na nyumba ya mistari mitupu. Wa pili una vijani vinene vinavyong'aa vilivyopangika kwenye ufito, na chini ya udongo una viazi vya kuhifadhia maji, ndiyo maana huweza kusahauliwa hata wiki tatu. Tuliuona katika picha za nyumba za Ulaya tukadhani ni wa huko. Kumbe ni wa kwetu. Zamioculcas, kama unavyoitwa kitaalamu, huota wenyewe mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya kwenda kusini, na Waholanzi walianza kuuzalisha kwa biashara kubwa katika miaka ya 1990.

Hali ni hiyo hiyo kwa lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo hupambia madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani katika Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia kutokana na jina lake. Jamaa zake wengine huota kwenye miamba ya Cha Simba, huku kwetu Kilifi. Ua hili linapenda mwanga mwororo wa asubuhi, na halipendi maji juu ya majani. Hufaa dirisha dogo la chumba cha kulala, penye rangi tulivu. Anayelitaka na alinunue kwa mwenye kitalu, asiende kuling'oa mwambani, kwa kuwa huko porini limebaki kwa uchache.

Hapa tusimame tutoe tahadhari mbili kwa wenye familia. Mmea wa pesa, Zamioculcas, na ule wa majani makubwa yenye madoa meupe unaouzwa sana vitaluni, yote ina utomvu unaowasha na kuvimbisha kinywa. Iwekwe juu, mbali na mtoto na paka. Tahadhari ya pili ni maji yanayotuama katika kisahani cha chini ya chungu. Mbu wa homa ya dengue huzaliana katika maji kidogo kama hayo, na Mombasa tunaijua homa hiyo. Katika nyumba za Lamu, birika la bafuni lilifugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Sisi wa fleti hatuna visamaki, kwa hiyo visahani vimwagwe kila baada ya kumwagilia, na mti umwagiliwe tu pale kidole kikitiwa udongoni kinapotoka kikavu.

Ilibaki roshani ya fleti, upana wake ni hatua mbili, nayo hupata jua la asubuhi hadi karibu na Adhuhuri. Tulikuwa tumeigeuza mahali pa kuanikia nguo na kuweka mitungi ya gesi. Tuliisafisha, tukaihamisha kamba ya nguo upande mmoja. Kiwanda chetu ni hicho, hatuna kingine. Tulikuwa tumekuja kutoka Lamu na vitu vya Mama tulivyotumwa, na pia na kifurushi alichokifunga mamkubwa katika kanga iliyolowa: vijitawi vya rehani, na vipande vitatu vya shina la asumini. Tena alitupa makopo mawili matupu ya samli kutoka kiwandani. Tulimwambia kwamba Mombasa vipo vyungu vizuri. Akasema, "Vyungu vipo. Makopo haya yeye ameyatoboa mwenyewe."

Rehani tuliitia katika gilasi ya maji dirishani. Kabla ya wiki mbili ilitoa mizizi, tukaihamishia katika makopo kwa udongo, mchanga na samadi iliyooza. Vipande vya asumini tulivichomeka katika chungu, tukavifunika kivuli. Kimoja kilikauka. Viwili vilisimama.

Mama hakusema kitu siku ya kwanza. Alikuja roshanini, akainama, akaligeuza kopo moja hadi akaona mahali palipobonyea, akapapapasa kwa kidole. Siku ya pili tulisikia mlango wa roshani ukifunguliwa baada ya sala ya Alfajiri. Siku ya tano alitugombeza. Mnaizamisha, akasema, mti si samaki, na tangu leo asiuguse mtu ila yeye. Tuliangaliana jikoni tukanyamaza, maana ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kutufikia kutoka chumba kingine.

Hatutaki kuwaambia wasomaji kwamba mti umeponya kifo cha mtu. Wapo usiku ambao Mama bado hukaa gizani na tasbihi yake, na nyumba ya Lamu imefungwa, na hatujajua itakuwaje. Asumini ile haijatoa ua. Lakini sasa anatuuliza upepo umegeuka au la, na anataka kamba ndefu zaidi ya kuipandishia ukutani, na amekwisha kumtumia jirani wa ghorofa ya pili kijitawi cha rehani pamoja na maelezo marefu ya namna ya kukiotesha.

Basi, dada zetu, kabla ya kununua mti ulioupenda pichani, zima taa mchana na uitazame nyumba yako. Tazama mwanga wake, hewa yake, kuta zake, na watu wake. Tena uliza kama yumo ndani yake mtu aliyeacha kiwanda mahali fulani, na katika kiwanda hicho palikuwa na mti gani.

Juzi usiku, tulipokwenda kulala, tulikuta juu ya mito yetu vikuba viwili vidogo vimefungwa kwa uzi mweupe. Vilikuwa vya rehani tupu, kwa kuwa asumini bado.

Wabillahi tawfiq.